Tenda ya Unga: Nani Alishe Shule za Sumbawanga?

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Nianze na mahindi, maana hapa Ufipa ndiyo mali tuliyojaliwa. Yanalimwa Ntendo, Mollo, Milanzi na Pito, kata za manispaa hii hii. Mwezi wa saba mkulima anauza gunia kwa bei ya kutupa, kwa sababu ana deni la mbolea na mahitaji ya nyumbani hayangoji. Mfanyabiashara wa hapa Mazwi analinunua na kuliweka ghalani. Mwezi wa pili gunia hilohilo linaingia shule ya bweni likiwa unga, kwa bei ambayo mkulima akiisikia anashika kichwa, na fedha iliyolipa ni ya serikali. Sisi ni kina mama, tuna mashine ya kusaga, tuna TIN, tuna leseni, tumesajiliwa kupitia Maendeleo ya Jamii. Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi ya umma itengewe wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa nini unga huo hautoki kwetu?

AFISA UNUNUZI: Mama, hiyo asilimia 30 siipingi. Iliingia kwa marekebisho ya mwaka 2016, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 ikaibakiza. Kutenga tunatenga, na kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka inaonekana. Shida inaanza tukishatangaza. Kikundi kinaingia kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, cheti cha kodi kimeisha muda, leseni ni ya biashara nyingine kabisa, bei imeandikwa kwa debe wakati sisi tumeomba kwa kilo. Kamati ya tathmini haina ruhusa ya kuona huruma. Nikikupitisha na upungufu huo, mkaguzi akija nitamjibu nini?

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Huruma hatujaomba, mwanangu. Zamani ulikuwa unanunua kabrasha la zabuni, unatumbukiza bahasha kwenye sanduku, na sanduku linafunguliwa mbele ya watu. Tangu Julai 2023 mambo yamehamia NeST. Nakubali kwamba mfumo umepunguza kujuana, na kwa hilo nawashukuru walioubuni. Lakini nenda steshenari yoyote hapa mjini uone nani anaingiza zabuni za vikundi. Ni kijana wa kompyuta. Barua pepe ya kikundi kaifungua yeye, nywila anayo yeye, simu inayopokea namba za uthibitisho ni yake. Siku akisafiri kwenda Mbeya, kikundi kizima kimefungiwa nje. Na akitaka kumwonyesha mtu mwingine bei yetu kabla ya kufunga, nani atajua?

AFISA UNUNUZI: Hilo mnaweza kulirekebisha leo, bila kungoja serikali. Mchague mmoja wenu mwenye simu janja ajifunze. PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, imekuwa ikiendesha mafunzo kwa vikundi maalumu, na maofisa wa maendeleo ya jamii wapo. Ukimwachia kijana wa steshenari nywila, umemwachia biashara.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Naomba niingie, maana naona nasemwa bila kutajwa. Nina duka la jumla, nina maghala, na shule nimelisha kwa miaka mingi. Mnabishana juu ya nani aingize nyaraka, kana kwamba tenda ya chakula ni kuuza unga. Tenda ya chakula ni kuikopesha serikali. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, shule ya bweni ilipangiwa Sh 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Shika kiwango hichohicho ufanye hesabu. Shule ya wanafunzi 600 inakula Sh 900,000 kwa siku, yaani Sh milioni 27 kwa mwezi. Fedha ikichelewa miezi mitatu, mzabuni ana Sh milioni 81 nje, na watoto wanaendelea kula, kwa sababu hakuna mkuu wa shule atakayesema leo jiko lisiwashwe. Mimi nabeba. Nina sukari, sabuni, saruji na mabati, vinauzwa dukani kila siku na vinanipa pumzi. Kikundi chenye mashine moja kitabeba kwa kitu gani?

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Kwa hiyo, tajiri, serikali iendelee kulipa kwa kuchelewa ili wewe uendelee kushinda?

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Sikusema hivyo, mama, wala sifurahii. Madeni ya wazabuni wa chakula yamelalamikiwa mpaka bungeni. Wapo wenzangu waliokufa kibiashara wakiwa na mafaili ya madai ambayo kila mwaka yanahakikiwa upya. Ninachosema ni kwamba bei yangu unayoilalamikia ina kuchelewa ndani yake. Nikipanga bei ya kilo ya unga sipangi bei ya leo. Napanga bei ya siku nitakayolipwa, ambayo siijui. Nihakikishie malipo ndani ya siku 30, nitashusha bei kesho asubuhi.

MKUU WA SHULE: Maneno hayo ya mwisho yanatugusa sisi wa jikoni kuliko mnavyofikiri. Kiwango cha chakula kwa mwanafunzi hakipandi kwa sababu mzabuni amepandisha. Bei ya unga ikiongezeka, ninachoweza kupunguza ni maharage, mafuta, mboga, na siku ya nyama inasogezwa mbele mpaka inapotea. Kuchelewa kwa malipo tunakula sisi, kwenye sahani ya mtoto. Kwa hiyo mnapobishana mkubwa apewe au mdogo apewe, mimi nina maswali mawili tu: mzigo utafika siku iliyopangwa? Na utakuwa mzima?

AFISA UNUNUZI: Na hapo ndipo vikundi vinapoangukia, mwalimu. Useme ukweli.

MKUU WA SHULE: Nitasema wote, sitasema nusu. Nimepokea unga kutoka kwa kikundi. Shehena ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ilikuwa na uvundo, mahindi yalisagwa kabla ya kukauka. Kwa mwaka wa mvua nyingi jambo hilo si dogo, sumukuvu haionekani kwa macho. Lakini nimepokea pia maharage yaliyobunguliwa kutoka kwa mzabuni mkubwa, magunia mazuri juu, vumbi chini. Tofauti iko kwenye kukataa. Kamati ya mapokezi ilirudisha unga wa kikundi bila kusita. Maharage ya mkubwa tuliyachagua tukayapika, kwa sababu tulikuwa tunadaiwa naye miezi miwili na tukaogopa akikasirika atasimamisha mzigo. Mdai wako huwezi kumrudishia gunia.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Mwalimu, hilo unanisema mimi?

MKUU WA SHULE: Simsemi mtu. Nasema deni linavyotufunga mdomo.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Na sisi uvundo hatuutetei. Kukausha ni elimu, na elimu hiyo ipo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako hapa Rukwa. Mjasiriamali mdogo akienda anapata barua ya utambulisho, TBS, shirika la viwango, wanakagua, na mwanzoni hawamtozi ada ya alama ya ubora. Weka sharti kwamba unga wa shule uwe na alama ya TBS, na sharti hilo limhusu mkubwa na mdogo sawasawa. Tutalifuata. Lakini usituwekee sharti la kuonyesha mikataba mitatu ya kazi kama hiyo tuliyowahi kufanya. Mikataba hiyo tungeipata wapi ikiwa kila mwaka mnadai tuwe nayo kwanza?

AFISA UNUNUZI: Kwa zabuni zilizotengewa vikundi maalumu, masharti ya uzoefu hulegezwa.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Hulegezwa kwenye zabuni za kufagia, kukata majani na kupika chai ya vikao. Unga wa mwaka mzima unabaki kwenye zabuni kubwa. Ukiniuliza, hiyo ndiyo njia ya kutimiza asilimia 30 kwa idadi ya mikataba huku fedha yenyewe ikienda kulekule.

AFISA UNUNUZI: Sitakataa kwamba linatokea. Ila elewa upande wangu. Mkataba mmoja wa chakula wenye mzabuni mmoja nausimamia. Ukinigawia loti sita za kata sita, nina mikataba sita, hati za madai sita, kamati za mapokezi sita, na ofisini tuko wachache. Kisha mtu ataniandikia hoja kwamba nimepasua ununuzi ili kukwepa ushindani. Sheria inakataza kupasua mahitaji kwa nia hiyo, na ina haki kukataza, kwa sababu wizi mwingi umepitia hapo.

MKUU WA SHULE: Lakini kugawa loti ndani ya zabuni moja iliyotangazwa wazi si kupasua.

AFISA UNUNUZI: Si kupasua, mwalimu. Ni halali. Nasema ni kazi, na kazi hiyo hakuna anayenipa mtu wa kuifanya.

FUNDI SEREMALA: Nimewasikiliza wote na sijasikia jina langu. Nina karakana ya kutengeneza madawati, meza na vitanda vya bweni. Nina vijana wawili wanaojifunza kwangu. Nina miaka 41. Si kijana, maana ujana kwa hesabu za zabuni unaishia 35. Si mwanamke, si mzee wa miaka 60, na namshukuru Mungu viungo vyangu ni vizima. Kwenye asilimia 30 simo. Kwenye asilimia 70 iliyobaki nashindana na kampuni inayoleta samani kwa lori kutoka Dar es Salaam. Makandarasi wa Tanzania wametengewa miradi ya ujenzi isiyozidi Sh bilioni 50, wageni wasiiguse, na mimi naliunga mkono jambo hilo. Sasa mtu wa Sh milioni 5 je? Nani amemkinga na mtu wa bilioni?

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Fundi, usigeuze shida yako iwe kosa letu. Wanawake na walemavu hawakupewa upendeleo kwa kuonewa huruma. Walikuwa nje kabisa. Wewe una karakana kwa sababu ulirithi au uliweza kununua kiwanja. Wengi wetu hati ya kiwanja ina jina la mume, na benki ikitaka dhamana hatuna la kuweka mezani.

FUNDI SEREMALA: Mama, siwaonei wivu. Ila kipimo chenu ni wewe ni nani, na mimi naomba kiwepo cha pili: biashara yako ni kubwa kiasi gani? India wameweka kwa ukubwa wa biashara. Wizara na mashirika ya serikali kuu yao yanatakiwa kununua angalau asilimia 25 kutoka kwa biashara ndogo na ndogo sana, na ndani ya hiyo kuna fungu la wanawake. Mtu wa miaka 41 hapotei katikati.

AFISA UNUNUZI: Na tukifanya hivyo hapa, fundi, utaona kampuni kubwa ikijikata vipande vitano, kila kimoja kwa jina la shemeji. Kipimo cha ukubwa ni rahisi kukidanganya kuliko kipimo cha cheti cha kuzaliwa.

FUNDI SEREMALA: Hata kipimo cha cheti cha kuzaliwa kinadanganywa. Muulize tajiri hapa ni vikundi vingapi vinachukua mzigo kwake.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Sitaficha. Kikundi kinapata LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, hakina mtaji, kinakuja kwangu kuchukua mzigo kwa mali kauli. Nakipa. Malipo yakitoka yanaingia akaunti ya kikundi, mimi nachukua changu, wao wanabaki na kidogo cha kugawana. Kwa karatasi, serikali imenunua kwa wanawake. Kwa ukweli imenunua kwangu na kumlipa mtu wa kati. Wakenya walianza kabla yetu. Mpango wao wa AGPO wa mwaka 2013 nao unatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na malalamiko yao makubwa ni hayahaya: kampuni ya kijana ni jina, mzigo ni wa mwingine, na malipo yakichelewa kijana ndiye anayekimbizwa na wadai. Sasa niambieni, kosa langu liko wapi? Ningewanyima mali kauli mngesema nawabania.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Kosa sikupi wewe. Ngoja niwaeleze yaliyotupata ndipo mtajua kwa nini kikundi kinakimbilia ghala la tajiri. Tulipata LPO ya shule moja ya bweni, sitaitaja. Tulifurahi, tukasema sasa tumeingia. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, ikaja kurudi katika mwaka wa fedha 2024/25. Benki ikataka hati ya nyumba. Tukaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu tukachukua Sh milioni 5 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, tukiamini tutalipwa mwezi unaofuata. Faida tuliyoipigia hesabu kwenye mzigo ule ilikuwa Sh laki nane. Malipo yalikuja baada ya miezi minne. Riba peke yake ilikuwa Sh milioni 4. Tuliuza cherehani, tuliuza mahindi ya chakula cha nyumbani, wenzetu wakajitoa mmoja mmoja, na mmoja wao hatusalimiani mpaka leo. Kwa hiyo asilimia 30 tuliipata, afisa, na ndiyo iliyotumaliza.

AFISA UNUNUZI: Pole, mama. Nasema pole ya kweli. Lakini LPO natoa mimi, malipo yanategemea fedha ishuke kutoka Hazina. Sheria inataka nisiingie mkataba bila bajeti, na bajeti inakuwepo. Bajeti ni namba iliyopitishwa. Fedha inakuja kwa mafungu, nayo huja inapokuja.

FUNDI SEREMALA: Mkopo wa asilimia 10 unatoka halmashauri. Zabuni ya asilimia 30 inatoka halmashauri. Kwa nini kikundi chenye LPO kisipewe mkopo kwa LPO hiyohiyo, na malipo yakishuka halmashauri ikate yake kwanza? Dhamana gani nzuri kuliko deni linalodaiwa serikali?

AFISA UNUNUZI: Mikopo ina kamati zake, ina misimu yake, na fedha yake ni ya kuzunguka. LPO inatolewa Machi, kamati ya mikopo imekaa Novemba. Ofisi ni jirani, ratiba si jirani.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Ratiba hiyo aliipanga nani kama si nyinyi?

AFISA UNUNUZI: Si mimi, mama.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Na isitoshe, mkopo hautoi dawa ya kuchelewa. Unahamisha tu hasara kutoka kwa kausha damu kwenda kwa halmashauri. Fedha isiposhuka, kikundi kinachofuata kitakosa mkopo kwa sababu cha kwanza hakijarejesha. Hayo mambo yalikuwa yanajaza ripoti za mkaguzi mkuu, CAG, kabla mikopo haijasimamishwa. Mkitaka kuwasaidia wadogo, acheni kugawana asilimia na mshike tarehe ya kulipa. Mlipaji akilipa kwa wakati, mdogo atakuja mwenyewe, na mimi nitashindana naye kwa bei na ubora. Nitashinda siku nyingine na siku nyingine nitashindwa.

MKUU WA SHULE: Hapo nakubaliana nawe nusu. Ukilipa kwa wakati bila kutenga fungu lolote, mwaka wa kwanza wewe ndiye utakayeshinda shule zote, kwa sababu una ghala na lori. Mwaka wa tatu wapinzani wako hawatakuwepo, na bei utapanga peke yako. Brazil walilitazama jambo hili kupitia chakula cha shule. Sheria yao ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ya chakula inayotoka serikali kuu inunue mazao ya wakulima wadogo wa familia. Walianza kwa kuangalia mahindi na maharage yametoka shamba la nani. Kwa hapa kwetu, kipimo hicho kingemfikia mkulima wa Pito anayeuza Julai kwa bei ya kutupa.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Na sheria hiyohiyo ya Brazil inaruhusu shule isitimize sharti pale ambapo wakulima hawawezi kuleta mzigo kwa uhakika, au hawana nyaraka za mauzo, au usafi haujafikia kiwango. Hata wao wameacha mlango wa watu kama mimi.

MKUU WA SHULE: Wameacha mlango, lakini sababu ya kuupita lazima ithibitishwe. Sisi mlango uko wazi usiku na mchana. Sikilizeni, nina wazo ambalo nimelibeba siku nyingi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mahindi ya Ufipa yanavunwa kipindi hichohicho. Ni bahati ambayo si kila mkoa unayo. Fedha ya chakula ya miezi minne ikitoka kwa mkupuo Julai au Agosti, shule inanunua nafaka yenyewe wakati bei iko chini na mkulima yuko sokoni. Inahifadhi. Kisha kikundi cha mama kinapewa mkataba wa kusaga na kufungasha, si wa kuuza unga. Hawahitaji Sh milioni 81. Wanahitaji umeme, mashine nzima na mikono. Fedha ikichelewa, kinachosubiri ni ujira wa kusaga. Mtaji wao wa nafaka haujafungwa mahali.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Mwalimu, wazo hilo ningelipigia magoti.

AFISA UNUNUZI: Lina mifupa. Moja, Hazina ndiyo ipange kutoa mkupuo, na hilo halimo mikononi mwa halmashauri. Mbili, kusaga ni huduma, na huduma inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, wakati bidhaa inayouzwa serikalini inakatwa asilimia 2. Mama atalipwa kidogo na kukatwa kwa kiwango kikubwa zaidi, ajue mapema asije akasema nimemwibia. Tatu, mwalimu, nafaka ikiharibika ghalani kwako, hasara ni ya nani?

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Hilo la tatu ndilo swali. Dumuzi akiingia kwenye ghala langu, nimekula hasara mimi. Panya, unyevu, wizi, ni juu yangu. Mnachokiita faida yangu kinalipia na hayo. Mwalimu wa hesabu akigeuzwa mtunza ghala, mkaguzi akakuta pungufu ya magunia arobaini, ataliandika kwa jina la nani? Hata NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula wenye vihenge na wataalamu, kazi yao si rahisi, nao wamewahi kudaiwa na wakulima kwa miezi.

MKUU WA SHULE: Swali lako ni la haki na linaninyima usingizi. Ninajua pia kwamba sasa hivi hata ununuzi mdogo wa shule unatakiwa upite kwenye mfumo, na mtandao ukikata mchana kutwa mwalimu anaacha kipindi. Ukiniongezea ghala bila kuniongezea mtu, nitashindwa. Lakini NFRA wako Sumbawanga hapahapa na maghala yao. Shule isipoweza kuhifadhi, ihifadhiwe huko kwa malipo, na sisi tuchukue kwa mwezi. Serikali kununua mahindi wakati wa mavuno inajua tayari. Kinachokosekana ni kuinunulia shule yake.

FUNDI SEREMALA: Mimi nina mfano wa serikali kulipa vizuri, maana mnaongea kana kwamba haiwezi kabisa. Mwaka 2021 zilipokuja zile Sh trilioni 1.3 za UVIKO, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, mengi kwa fosi akaunti. Kamati ya shule ilinunua vifaa, mafundi wa mitaani tukajenga na kutengeneza madawati, tukalipwa kwa hatua. Fedha ilikuwa imeshafika kwenye akaunti ya shule kabla sijapiga randa ubao wa kwanza. Sikukopa popote. Kazi yangu mmeikalia mpaka leo.

AFISA UNUNUZI: Na wapo mafundi waliokunja nondo na kukimbia, na kuta zilizopasuka kabla ya mwaka. Fosi akaunti ilimpa mdogo kazi bila kumshindanisha. Fundi aliyejuana na kamati alipata, asiyejuana alitazama.

FUNDI SEREMALA: Sawa, wewe shindanisha. Weka fosi akaunti pembeni, weka ushindani, weka ukaguzi mkali. Mimi nashikilia kitu kimoja cha mwaka ule: fedha ilitangulia kazi.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Basi niombe kitu kidogo, afisa, kisichohitaji Hazina wala Brazil. Mpango wa ununuzi wa mwaka ujao unauandaa wewe. Toa shule moja ya bweni, ile utakayoona fedha yake haiyumbi sana. Gawa chakula chake kwa loti: unga peke yake, maharage peke yake, mchele wa bonde la Rukwa peke yake, samaki wa Kasanga peke yake. Loti ya unga iwe ya miezi mitatu mitatu, si ya mwaka, ili mtu akishindwa ashindwe kwa kidogo. Sharti la TBS liwepo. Na bandika ukutani tarehe tuliyoleta mzigo na tarehe tuliyolipwa, kila mtu asome.

AFISA UNUNUZI: Loti naweza. Miezi mitatu naweza kuitetea mbele ya bodi ya zabuni. Tarehe ya malipo kuibandika ukutani, hiyo lazima akubali afisa masuuli, na sijui kama atakubali kuanikwa.

MFANYABIASHARA WA JUMLA: Nami nina swali kabla hamjapeana mikono. Tuseme nimekaa pembeni kwa shule hiyo moja. Kikundi kimepeleka unga wa Septemba, kimepeleka wa Oktoba, fedha haijashuka. Novemba ikifika, mkuu wa shule atanipigia simu mimi, usiku, akiniomba magunia kwa mali kauli, kama siku zote. Niwajibu nini watoto wale?

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Peleka, tajiri, watoto wale ni wetu sote. Ila mkuu wa shule akikupigia simu, mwulize kwanza kama unga wetu wa Septemba na Oktoba umelipwa. Na afisa yuko hapa, anasikia, aandike kwenye faili ni fedha gani iliyoshindikana, ili mwakani asiandike kwamba kikundi kilishindwa kutoa huduma.

AFISA UNUNUZI: Nikiandika hivyo, mama, nitakuwa nimeandika dhidi ya ofisi yangu.

MWENYEKITI WA KIKUNDI: Wewe andika tarehe tu.